Moto wa Juni na Moto wa Oktoba: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Misitu

Barua nyingi zilizotufikia tangu masika yaishe zinahusu moto wa msituni. Tumechagua tano, tukazifupisha bila kugusa maana, na Bwana Misitu wetu amezijibu. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Bwana Misitu, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Maliasili ya kijiji chetu wilayani Liwale. Msitu wetu wa hifadhi una mininga, mipingo na miombo mingi. Wazee wanasema tuuchome mwezi wa Juni kama walivyofanya baba zao. Ofisa mmoja aliyepita hapa alituambia kwamba atakayewasha kiberiti msituni atafikishwa mahakamani. Mwaka jana hatukuchoma, na mwezi wa Oktoba moto uliingia kutoka upande wa jirani ukala karibu nusu ya msitu. Tumfuate nani?

Ndugu mjumbe, wazee wenu wana hoja na ofisa naye ana hoja, kwa sababu kila upande unazungumzia moto wake. Wazee wanausema moto wa Juni. Ofisa anauogopa moto wa Oktoba. Msitu wenu unaweza kuuhimili ule wa kwanza kwa vizazi vingi, lakini huu wa pili ukirudi mwaka baada ya mwaka utaumaliza.

Mwezi wa Juni mvua hazijakatika zamani. Nyasi zimekauka vichwa, lakini mashina yake bado yana ubichi, na usiku umande hushuka. Moto uliowashwa saa kumi jioni katika hali hiyo hutembea chini ya goti, huruka sehemu zenye unyevu, na mara nyingi hufa wenyewe kabla ya alfajiri. Kufikia Oktoba nyasi zimekauka hadi chini, majani yaliyopukutika yametanda kwa unene, na upepo wa mchana ni mkali. Tena liko jambo ambalo wengi hawalitazami: wakati huo miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu kabla hata mvua ya kwanza haijanyesha, kwa kutumia chakula ilichokiweka akiba tangu msimu uliopita. Moto ukipanda wakati huo huyaunguza majani hayo machanga, na mti hulazimika kuanza upya ilhali akiba yake imekwisha.

Haya yamepimwa. Mwaka 1933, huko Ndola katika nchi ambayo leo ni Zambia, yalianzishwa majaribio katika msitu wa miombo, na matokeo yake yakaandikwa baadaye na mtaalamu wa mimea Colin Trapnell. Vipande vingine vya msitu vilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, vingine vilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, na vingine vililindwa visiguswe na moto kabisa. Baada ya miaka mingi tofauti ilionekana hata kwa mtu asiye mtaalamu. Vipande vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti yake mikubwa, vikabaki nyasi na visiki vinavyochipua na kuungua tena. Vilivyochomwa mapema vilibaki kuwa msitu wa miombo. Vilivyolindwa kabisa viligeuka kuwa msitu mzito, wenye miti isiyopukutisha majani ikiota chini ya miombo.

Msomaji makini atasema hapo kwamba kumbe katazo la ofisa ndilo bora kuliko yote. Lingekuwa bora kama lingetekelezeka. Vipande vya Ndola vilikuwa vidogo na vilikuwa na watu wa kuvilinda. Msitu wa kijiji ni maelfu ya hekta, una walinzi wachache, na unapitiwa na warina asali, wawindaji, wachoma mkaa na wakulima wanaosafisha mashamba. Ukikataza moto kwa maneno tu, nyasi na majani makavu hujilimbikiza kwa miaka miwili au mitatu, kisha moto unakuja ule ule uliouogopa, tena mkubwa kuliko ambavyo ungekuwa. Ndiyo yaliyowapata nyinyi mwaka jana.

Sasa niseme ninapotofautiana na wazee. Mwezi wa Julai tafuteni mche wa mninga mahali palipochomwa mapema, mchimbue kando yake kidogo. Juu mtaona kijiti kilichokauka ambacho mtu angeapa kwamba kimekufa. Chini mtakuta mzizi mnene, wenye uhai, ambao hauwiani kabisa na kijiti hicho. Mche wa mninga hufa sehemu ya juu kila kiangazi, hata pasipo moto, na huchipua tena mvua zikirudi. Huendelea hivyo kwa miaka mingi, hata kumi na zaidi, mpaka mzizi upate nguvu ya kutoa chipukizi litakalopita kimo cha miali ya moto. Mti ukishakomaa, gamba lake nene lililopasukapasuka huukinga. Taabu iko katikati, mti unapokuwa na kimo cha kifua cha mtu: hapo hata moto wa Juni, ukirudi kila mwaka mahali pale pale, unaweza kuurudisha chini tena na tena. Kwa hiyo msichome msitu wote kila mwaka. Ugaweni katika vitalu, chomeni baadhi, vingine vipumzishwe miaka miwili au mitatu, hasa vile vyenye maotea mengi ya mininga na mipingo. Vitalu vilivyochomwa mapema ndivyo vitakavyowazuilia moto wa Oktoba usivifikie vile vilivyopumzika.

Yapo pia maeneo yasiyofaa kuchomwa hata mara moja: kingo za mito, chemchemi, vichaka vya miti isiyopukutisha majani, na sehemu za matambiko, ambazo wazee wenu wenyewe wamezilinda. Misitu ya aina hiyo, kama ile ya nyanda za Rondo upande wa Lindi, haina gamba wala mizizi ya kuhimili moto kama miombo.

Kuhusu sheria, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haikubali mtu kujichomea pori apendavyo, na inatoa njia ya vibali. Wekeni uchomaji wa mapema katika mpango wenu wa usimamizi wa msitu, upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, kisha ombeni kibali kwa maandishi kabla ya msimu. Zungumzeni na kijiji jirani mapema, maana moto wenu uliingia kutoka kwao, na mpaka ndio wa kuanza nao: fyekeni njia ya moto, chomeni kidogo kidogo kuelekea upepo unakotoka ili miali isikimbie, wawepo watu wenye matawi mabichi na mabomba ya maji ya mgongoni, na mtu asirudi nyumbani wakati magogo bado yanafuka. Tumeni wajumbe wawili Kilwa wakajionee. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha usimamizi bora kutoka FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, kwa msaada wa shirika la MCDI, na uchomaji wa mapema umekuwa sehemu ya kazi za shirika hilo katika misitu ya vijiji vya huko.

Nimalizie na historia kidogo, kwa kuwa inaihusu Liwale yenyewe. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa huko kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na sehemu kubwa ya makazi yao ikawa pori la akiba la Selous. Nionavyo mimi, hapo ndipo uzoefu wa kuchoma mapema ulipokatika mahali pengi: aliondolewa mtu aliyechoma mwezi wa Juni kulinda nyumba na mizinga yake, akabaki mpita njia wa Oktoba asiye na cha kulinda. Kuhusu mwezi, basi, wafuateni wazee. Kuhusu kibali, mfuateni ofisa.

Shikamoo Bwana Misitu. Ninasoma kidato cha sita, kwetu ni Marangu. Mwaka 2020, nikiwa bado shule ya msingi, niliuona moto wa Kilimanjaro usiku kutoka nyumbani. Ikiwa moto ni kawaida kwa misitu, kwa nini watu walipanda kuuzima? Na wataalamu wanajuaje kuhusu moto wa miaka ya kale?

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali la pili, kwa sababu jibu lake liko karibu na kwenu. Ukipanda kwa njia ya Marangu, karibu na kituo cha Mandara kuna kreta ya Maundi, ambayo wageni hupelekwa kuitazama. Watafiti walichukua hapo mchanga na tope kwa bomba refu, tabaka juu ya tabaka, na tabaka za chini kabisa zina umri wa takriban miaka 90,000. Katika kila tabaka wanahesabu chembe za chavua, zinazoonyesha mimea gani iliota wakati huo, na vipande vidogo vya mkaa, vinavyoonyesha palikuwa na moto kiasi gani. Mkaa upo tangu kale. Kwa hiyo hukosei: moto si mgeni Kilimanjaro.

Kilichobadilika ni mara ngapi unakuja na unachokikuta. Juu ya msitu wa mvua, kabla ya kufika kwenye nyika ya mlimani, kuna ukanda wa miti ya jamii ya Erika. Ikiachwa bila moto kwa muda mrefu hukua ikawa msitu wa kweli, wenye matawi yaliyofunikwa na kuvumwani na ndevu za miti. Ikiungua mara kwa mara hubaki vichaka. Mtaalamu wa mimea Mjerumani Andreas Hemp, ambaye ameufanyia mlima huo utafiti kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 kwamba hali ya ukavu imeongezeka mlimani, kwamba moto umeusukuma chini mpaka wa juu wa msitu, na kwamba hasara ya maji inayotokana na hilo ni kubwa kuliko ile inayotokana na kuyeyuka kwa theluji ya kileleni, ambayo ndiyo dunia nzima inaililia. Mioto ya 1996 na 1997 ilichangia sana.

Maji hayo yanahusikaje na miti? Simama asubuhi ya ukungu chini ya mti wa Erika wenye ndevu, utalowa ijapokuwa mvua hainyeshi. Matone madogo ya ukungu hunaswa na majani na ndevu hizo, huungana, hudondoka, na kuzama ardhini. Ukungu huo huo ukipita juu ya vichaka vilivyoungua unakwenda zake. Mifereji ya Wachaga na Mto Pangani kule chini hutegemea sehemu ya maji hayo.

Moto uliouona ulianza tarehe 11 Oktoba 2020 eneo la Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, na taarifa ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilisema ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Uliteketeza takriban kilomita za mraba 95. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, ukatokea mwingine upande wa Karanga. Tazama mwezi: mioto yote miwili ilikuwa ya Oktoba. Ukanda huo hauna kitu kama moto wa Juni unaofaa. Majani ya Erika yana mafuta na huwaka hata yakiwa mabichi, na ardhi yake ina tabaka la mboji linaloweza kufuka chini kwa chini kwa siku kadhaa baada ya watu kudhani wameuzima. Kwa msitu wa aina hii usimamizi bora ni kuzuia chanzo: jiko la gesi badala ya kuni, mrina asali aliyepewa vifaa vya kutolea moshi vinavyofungika, na watu waliofunzwa, walio juu tayari mwezi wa Septemba unapoanza. Ndiyo maana nasikitika ninaposikia somo la miombo likihubiriwa mlimani, kana kwamba misitu yote ni mmoja.

Salaam kutoka Portland, Oregon. Septemba 2020 tulifunga madirisha siku nyingi kwa sababu ya moshi. Marekani ina ndege za kuzimia moto, ina helikopta na fedha. Inashindwaje?

Ndugu, sehemu ya tatizo ilianza kwa ushindi. Idara ya Misitu ya Marekani iliundwa mwaka 1905. Tarehe 20 na 21 Agosti 1910, upepo mkali ulivuvia mioto iliyokuwa ikiwaka Idaho na Montana, ikateketeza karibu hekta milioni 1.2 na kuua watu zaidi ya 80, wengi wao wazima moto. Idara hiyo changa ikaapa kuufuta moto msituni. Mwaka 1935 ilitoa amri kwamba kila moto unaoripotiwa uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Kwa miaka mingi walifaulu kwa sehemu kubwa.

Katika misitu mikavu ya misonobari aina ya ponderosa, kufaulu huko kulikuwa hasara. Ukikata shina la msonobari mkongwe wa huko utaona makovu meusi ndani ya pete zake za umri, kila kovu likiwa moto mmoja ambao mti uliuhimili, na makovu hayo mara nyingi yamepishana kwa miaka michache tu. Ulikuwa moto wa chini, na sehemu nyingine uliwashwa makusudi na wenyeji, kama Wayurok na Wakaruk wa kaskazini mwa California, ambao baadaye walikatazwa na hata kuadhibiwa kwa kuwasha. Moto ulipoondolewa, miti midogo ilisongamana chini ya mikubwa, na sasa moto ukiingia hupanda kwa hiyo midogo hadi vileleni. Idara ya hifadhi za taifa ilibadilisha msimamo mwaka 1968, na Idara ya Misitu ikaiacha amri ya saa nne mwaka 1978. Kupunguza miti na kuchoma kwa mpango kumeanza tangu hapo, lakini kazi iliyolimbikizwa ni kubwa mno.

Hata hivyo, moto uliokuletea moshi Septemba 2020 haukutoka katika misitu ya aina hiyo tu. Miteremko ya magharibi ya milima ya Cascade ni mibichi, yenye miti mikubwa aina ya Douglas, na tangu zamani huungua mara chache, baada ya karne moja au zaidi, tena kwa moto mkubwa, pale kiangazi kikali kinapokutana na upepo wa mashariki. Ndivyo ilivyokuwa juma lile. Anayekwambia kwamba kukata miti midogo kungeuzuia moto ule anachukua dawa ya misitu mikavu ya upande wa mashariki wa milima na kuipeleka magharibi.

Bwana Misitu, mimi ni mfugaji wa Meatu. Ng'ombe wakila nyasi, moto utakula nini? Mbona mifugo inafukuzwa misituni?

Mzee wangu, hoja yako ina ushahidi mkubwa kuliko unavyodhani, na ushahidi uko jirani yako, Serengeti. Ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa katika ng'ombe, nyumbu nao walipona. Kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walizidi milioni moja kufikia 1977. Nyumbu wote hao walikula nyasi, eneo lililoungua kila mwaka likapungua, na miti ikaongezeka.

Lakini mkoloni alifanya kinyume chake hapo hapo kwenu. Katika miaka ya 1920 Charles Swynnerton, aliyeongoza vita dhidi ya mbung'o Tanganyika, aliwataka watu wa Shinyanga wasichome mapema, wangoje nyasi zikauke kabisa ili moto uwe mkali na kuua vichaka. Alitafuta kwa makusudi moto ambao mimi ninawaonya watu wa Liwale. Alijua mwezi una kazi gani. Lengo lake tu lilikuwa jingine. Vichaka viliondolewa kwa moto na kwa shoka, na miaka ya 1980 ilipofika nchi ilikuwa imekuwa tupu kiasi kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa HASHI wa kuirudisha miti, kwa kutegemea ngitili za Wasukuma wenyewe, yaani sehemu za malisho zilizotengwa.

Ngitili ndiyo inayokujibu. Mifugo haiingii muda wote. Sehemu inafungwa mvua zinaponyesha, nyasi zinakua, na inafunguliwa kiangazi kikikolea, hapo malisho yanapokuwa adimu na nyasi zinapoanza kuwa kuni. Mifugo inayoingia kwa utaratibu huo hupunguza moto. Mifugo inayokaa msituni mwaka mzima hula pia miche, hukanyaga ardhi ikawa ngumu, na mchungaji huwasha moto mwezi wa Septemba ili apate majani machanga. Mzozo wenu na maofisa, mara nyingi, ni wa huyo wa Septemba.

Nimepanda misonobari ekari tano Mufindi. Majirani wanachoma mashamba. Nifanye nini?

Misonobari yako, ikiwa ni patula kama ya wengi huko, ina gamba jembamba ikiwa michanga, na sindano zake zilizodondoka ni kuni tayari. Usichome ndani ya shamba, hata Juni. Safisha njia ya moto kuzunguka shamba lote kabla ya mwisho wa Juni, ukwangue hadi udongo uonekane, na uirudie Septemba kwa sababu nyasi na sindano hurudi. Pogoa matawi ya chini na uyatoe nje, usiyaache yamelala kati ya mistari. Wewe na wenzako mliopanda kwenye kilima kimoja mkubaliane njia moja pana badala ya kila mtu na kijia chake, na umwombe jirani mwenye shamba la mahindi akuarifu siku atakayochoma, ili uwepo na watu wako, na ikiwezekana umsaidie kuchoma jioni upepo ukitulia.